Akedia

Neno akedia, lililotoka katika Kigiriki likiwa na maana ya kutojali, lilipewa uzito wa kimaadili na Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri hadi alipofariki mwaka 399, ambaye aliihesabu hali hiyo miongoni mwa mawazo manane maovu, yaani vishawishi vinavyomwondolea mtu utulivu wa moyo. Kuliita uvivu, kama ilivyozoeleka, ni kulipunguza mno, kwa kuwa mtawa anayeelezwa na Evagrius hajalala: analitazama jua akaona halisogei, anachungulia dirishani kama yuko mgeni ajaye, anachukia chumba chake na kazi ya mikono yake, na kujisadikisha kwamba mahali pengine angempendeza Mungu kwa urahisi zaidi. Uchunguzi huo ni wa kina cha kustaajabisha, na anayefungua simu kila mara, si kwa haja bali kwa kuikimbia kazi iliyo mbele yake, atajitambua humo. Dawa aliyoitoa Evagrius, yenye hekima kuliko makaripio wanayopewa wavivu, ni kubaki chumbani, kujipimia kazi kwa kiasi, na kutoiacha kabla haijakamilika.