Waliopita na Waliobaki Karema

Ngome ya Karema ilijengwa karibu na maji. Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold, alipofika hapo mwaka 1879, Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa. Muda si mrefu kabla ya hapo Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka na kuanza kuyatoa maji ya ziwa, basi kina kikashuka mwaka hadi mwaka na ngome ikabaki peke yake juu ya kilima, mbali na ufuko. Mapadri Weupe walipokabidhiwa kituo mwaka 1885, boma la kijeshi likageuka kuwa parokia. Ndani ya muongo mmoja tu kuta hizo ziliwapokea wanaume watatu ambao wote walikuja kutunukiwa heshima, lakini heshima zao hazina uzito mmoja. Hoja ya makala haya ni kwamba hapa Katavi, mkoa ambao misheni yake ya kwanza ilizaliwa nyuma ya kuta za askari, shujaa hawezi kupimwa kwa nishani peke yake. Apimwe kwa watu aliosimama nao, na kwa watu aliobaki nao bunduki ziliponyamaza.

Wa kwanza ni Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyeongoza Karema tangu 1882. Alivuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883, na Desemba 1884 watu wake walimshambulia na kumuua Lusinga, mtemi wa Watabwa. Kichwa cha mtemi kilikatwa, fuvu likasafirishwa hadi Ubelgiji na kuishia katika mkusanyo wa makumbusho ya Brussels. Storms alirudi kwao mwaka uliofuata, akapanda cheo hadi kuwa jenerali, akachongewa sanamu. Sanamu hiyo iliondolewa mahali pake mwaka 2022, baada ya watu kuuliza kwa miaka mingi ushujaa wake ulikuwa upi.

Wa pili, Léopold Louis Joubert, alikuwa askari vilevile, na kwa macho ya juujuu angeweza kuwekwa kapu moja na Storms. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842, akajiunga na jeshi la Papa akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akapigana Castelfidardo mwaka 1860. Papa Pius IX aliwatunuku nishani waliopigana vita hivyo. Rumi ilipotekwa mwaka 1870, jeshi la Papa lilivunjwa. Miaka kumi baadaye Joubert akaja ziwani na msafara wa Mapadri Weupe akiwa mlinzi wao, akarudi Ulaya kwa muda mfupi, na mwaka 1886 akaja tena Karema kwa mara ya mwisho. Kutoka hapo alivuka hadi Mpala na Mrumbi kuwalinda wanakijiji dhidi ya wakamataji watumwa, miongoni mwao wapiganaji wa Rumaliza wa Ujiji. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, mwanamke wa huko huko ziwani. Hakurudi Ufaransa tena. Alizeeka, macho yakazima, akafa mwaka 1927 katikati ya watu aliowalinda. Medali za vita vya Italia zingemtosha kuishi kwa sifa kijijini kwao, lakini imani iliyomfanya ashike bunduki kwa ajili ya Papa ndiyo iliyomfunga kwa watu ambao hawakuwahi kumsikia Papa huyo.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao lina nguvu. Watasema Joubert alibeba silaha za wageni, na kwamba vituo vya misheni vya miaka ile vilikuwa kama vijidola vyenye sheria, jela na jeshi lao. Ni kweli. Tena ni kweli kwamba nchi aliyoilinda iliangukia mikononi mwa Dola Huru ya Kongo, ambayo ukatili wake unajulikana. Kumheshimu mtu hakutulazimu kuyafunika hayo. Pia tusiigeuze habari hii kuwa vita ya Ukristo na Uislamu, kwa maana biashara ya watumwa ziwani iliwashirikisha watemi wa bara, wafanyabiashara wa pwani na wanunuzi wa mbali, na waliokimbilia kuta za misheni walitafuta usalama kabla ya kutafuta ubatizo. Kinachomtenga Joubert na Storms ni kwamba mmoja aliondoka na fuvu, na mwingine akaacha mifupa yake mwenyewe.

Pingamizi jingine husema kusimama na wengine ni jambo la moyoni, jeshi haliwezi kulipima. Mashariki ya Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu, imelijibu hilo karibuni. Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni, askari wa Malawi Chancy Chitete alimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa, yeye akapoteza maisha. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia nishani yake ya juu ya ujasiri, yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyewaficha na kuwavusha watu wengi Rwanda mwaka 1994. Nishani hiyo haihesabu maadui waliouawa. Inamtazama mtu aliyeburutwa kutoka kwenye risasi.

Kwa kipimo hicho wa tatu wa Karema, Adrien Atiman, hapaswi kukosekana katika orodha ya mashujaa ingawa hakuwa askari. Alizaliwa nchi ya Mali ya leo, akaibwa utotoni, akauzwa kuvuka jangwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, akamwoa Agnes, binti wa Kibende, na akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba kituo kimoja! Wajerumani walikuja na kuondoka, Wabelgiji wakaitwaa Karema katika vita ya 1916, Waingereza wakatawala, reli ya tawi kutoka Kaliua ikafika Mpanda, na mgonjwa wa Karema bado alimkuta Atiman. Naye alitunukiwa nishani uzeeni. Mtu aliyewahi kuwa bidhaa sokoni alichagua kuishi kando ya ziwa walilovushwa watumwa kwa mitumbwi, akiosha vidonda vya watu ambao wangeweza kuuzwa kama yeye.

Baki ya hesabu hii ni walinzi wenyewe: vijana waliokombolewa utumwani na wenyeji waliobeba bunduki pamoja na Joubert, wakalala macho ukutani usiku. Nishani za Ulaya hazikuwafikia. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na wazee waliopigana vita huweka shoka. Mpanda ina haki ya kuitumia siku hiyo kuwataja walinzi wa Karema, hata kama ni kwa jina la kundi, pamoja na Lusinga aliyekufa kwa mikono ya waliotoka ngome hiyohiyo, na kudai fuvu lake lirudishwe kwa watu wake ng'ambo ya maji.