Makadirio na Ahadi: Historia ya Kutabiri Msafara wa Samoni katika Mto Fraser, 1913–2020

Mwaka 1913 ulikuwa mwaka wa neema katika Mto Fraser, jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Viwanda vya kusindika samaki vya jimbo hilo, pamoja na vile vya jimbo jirani la Washington nchini Marekani, vilijaza makasha zaidi ya milioni 2 ya samoni wa makopo waliotokana na mto huo. Wenye viwanda hawakushangaa. Neema kama hiyo walikwisha kuiona mwaka 1901, 1905 na 1909, na kila mmoja wao alijua kuhesabu kwa minne.

Hesabu hiyo ilikuwa na msingi katika maisha ya samaki mwenyewe. Samoni mwekundu, ambaye Wakanada humwita sockeye, jina lililotoholewa kutoka lugha ya Kihalkomelem ya wenyeji wa sehemu ya chini ya mto, huanguliwa kwenye vijito vya mto, hukulia ziwani kwa takriban mwaka mmoja, kisha hushuka baharini. Wengi wa samaki hao hurudi wakiwa na umri wa miaka minne, hutaga mara moja tu, na hufa. Waliotaga mwaka 1909 ndio wazazi wa wale wa 1913, na hawakuchangamana sana na waliotaga mwaka 1910 au 1911. Hivyo mto mmoja hubeba koo nne zinazopokezana, na katika Fraser ukoo mmoja aghalabu huzizidi nyingine kwa mbali.

Hoja ya insha hii ni kwamba historia ya usimamizi wa samoni wa Fraser ni historia ya taasisi kujifunza, polepole na kwa hasara, kutouamini utabiri wake zenyewe. Na kwamba hasara ya kila kosa haikugawanywa sawa kati ya walioishi mdomoni mwa mto na walioishi juu yake.

Kosa la kwanza halikuwa la hesabu. Mwaka huohuo wa 1913, wajenzi wa reli walikuwa wakimwaga mawe katika korongo la Fraser, mahali paitwapo Hell's Gate, ambapo mto mzima hujibana kati ya kuta mbili za miamba. Mwezi Februari 1914 maporomoko yalizidi kuuziba mkondo. Samaki walishindwa kupanda, wakarundikana chini ya kizuizi. Watu wa jamii ya Nlaka'pamux, wenyeji wa korongo hilo, walishiriki kuwabeba samaki kwa vikapu na kuwavusha. Hata hivyo, serikali ilipotafuta nani apunguze uvuvi ili samaki waliosalia wapite, mkono wake uliwafikia kwanza wavuvi wa asili wa korongoni, ambao tangu kanuni za mwaka 1888 waliruhusiwa kuvua kwa chakula tu, si kwa kuuza. Mwaka 1917, ukoo wa 1913 uliporejea, makasha yalikuwa karibu robo ya yale ya miaka minne nyuma. Kisa cha Hell's Gate husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mawe. Ni kisa cha nyavu pia, kwani mwaka 1913 sehemu kubwa ya msafara ilikuwa imekwisha kuingia makoponi kabla haijafika korongoni.

Samaki wa Fraser hupita katika maji ya nchi mbili, kwa hiyo nchi moja haikuweza kuwaokoa peke yake. Kanada na Marekani zilitia saini mapatano mwaka 1930, yakaidhinishwa mwaka 1937, na kamisheni ya pamoja ya samoni ikaundwa. Marekani iliweka sharti moja linalostahili kuzingatiwa: kamisheni isitoe amri yoyote ya uvuvi hadi ipite mizunguko miwili ya samaki, yaani miaka minane. Kwa mwanahistoria anayesoma nyaraka za utawala, ni nadra kukutana na chombo kilichoamriwa kuhesabu kwanza na kutawala baadaye. Wenye viwanda wa Washington waliliona sharti hilo kama kinga. Lakini bila kukusudia liliipa kamisheni muda wa kufanya utafiti. Mkurugenzi wake, William F. Thompson, alifunga alama samaki wengi kule Hell's Gate na kuhitimisha kuwa kizuizi kilikuwa bado kinafanya kazi katika viwango fulani vya maji. Njia za samaki za zege zilijengwa huko kuanzia mwaka 1945. William Ricker, mwanabiolojia wa Kanada, alizipinga hoja za Thompson mwaka 1947, akiona kwamba uvuvi wenyewe haukupewa lawama inayostahili. Mabishano hayo hayakuisha kwa mshindi mmoja.

Ricker huyohuyo, mwaka 1954, alichapisha utafiti uliobadilisha namna ya kutabiri. Alionyesha kwamba idadi ya wazazi na idadi ya watoto hazipandi pamoja bila kikomo: wazazi wakizidi kiasi fulani, vifaranga hunyang'anyana chakula na nafasi, na mavuno huweza kushuka. Kutokana na mkunjo huo wa Ricker, mtabiri huanza na waliotaga miaka minne iliyopita, akaongeza madume machache yanayowahi kurudi yakiwa na miaka mitatu, ambayo huwa dalili ya ndugu zao walio bado baharini. Jibu lake halipaswi kuwa namba moja. Huwa ni safu ya namba, kila moja na uwezekano wake, na ya katikati ni ile ambayo msafara una nafasi sawa ya kuizidi au kupungukiwa nayo. Tatizo ni kwamba magazeti, mabenki na wenye mashua huichukua ile ya katikati na kuiacha safu.

Kwa sababu hiyo, Jopo la Mto Fraser, lililoundwa chini ya mkataba mpya wa nchi hizo mbili wa mwaka 1985, halifungui uvuvi kwa kutegemea utabiri peke yake. Nyavu za majaribio hutegwa katika njia mbili zinazokizunguka Kisiwa cha Vancouver, na karibu na mji wa Mission samaki huhesabiwa kwa mawimbi ya sauti wanapopita. Jopo hukutana mara kwa mara wakati wa msimu na kurekebisha makadirio yake. Kisha huja suala la nani aanze. Mwaka 1990, katika shauri la Sparrow, mvuvi wa jamii ya Musqueam, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kuwa baada ya hifadhi ya samaki yenyewe, haki ya wenyeji wa asili kuvua kwa chakula na kwa mila hutangulia uvuvi wa biashara na wa burudani.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2009. Ulikuwa mwaka wa ukoo uleule wa 1913, vizazi 24 baadaye, na namba ya katikati ilizidi milioni 10. Waliorejea walikuwa takriban milioni 1.4. Uvuvi wa biashara wa samoni mwekundu wa Fraser upande wa Kanada haukufunguliwa, kwa kuwa nyavu za majaribio zilisema ukweli mapema. Ni muhimu kutenganisha mambo mawili hapa: utabiri ulianguka, lakini usimamizi haukuanguka, na sehemu kubwa ya wale wachache waliorejea waliachwa wapite kwenda mazaliani. Aliyekwisha kukopa kwa ajili ya mafuta na nyavu hakufarijika kwa tofauti hiyo.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen mwezi Novemba 2009. Tume ikiwa bado kazini, msafara wa 2010 uliingia: utabiri ulikuwa milioni 11 na ushei, waliokuja walikuwa kati ya milioni 28 na 30, idadi iliyokuwa haijaonekana tangu 1913. Ripoti ya Cohen, ya Oktoba 2012, ilitoa mapendekezo 75 na haikumpata mkosaji mmoja. Iliielekeza shaka yake hasa kwenye hali ya bahari waliyoikuta vifaranga mwaka 2007, jambo ambalo hesabu ya wazazi mtoni haiwezi kulifichua.

Mwishoni mwa 2018 mwamba mwingine uliporomokea Fraser, mahali paitwapo Big Bar, mbali juu ya Hell's Gate, na haukugunduliwa hadi Juni 2019. Samaki walibebwa kwa helikopta kuvushwa kizuizi. Mwaka 2020, utabiri wa chini ya milioni 1 ulifuatwa na samaki wasiofika 300,000, idadi ndogo kuliko zote katika kumbukumbu zinazoanzia mwaka 1893. Jamii za asili zilizo juu ya Big Bar, ambazo kwa mujibu wa sheria ndizo za kwanza kuhudumiwa, zilikuwa za mwisho kufikiwa na samaki, kama ilivyokuwa mwaka 1914.