Kibati cha Filamu

Shoga zangu, mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa BitTorrent: anayepakua faili huwagawia wenzake vipande alivyokwisha kuvipata. Mwaka 2006 zikaja diski za Blu-ray, gigabaiti 25 hadi 50, na vikundi vya mwaliko vikaanza kuzigawana. HDBits walitaka picha angavu. Karagarga walitafuta filamu adimu, zile maarufu za Hollywood wakazikataa. Sheria ilikuwa kama ya kibati: ukipokea, nawe utoe, la sivyo unatolewa.

Anayehifadhi filamu isiyouzwa tena namwelewa kidogo. Lakini iliyopo dukani ina mwenyewe, naye hakuwemo kwenye mchezo. Nguo niliyoshona mimi wakigawana wengine kwa uaminifu, bado mimi sijalipwa.