JEMBE LA MTOTO: BUSTANI ZETU TANGU ENZI ZA BIBI HADI KIKUNDI CHETU

Kamati imenipa kazi ya kuandika habari za bustani na watoto, maana wengi wanatuuliza kwa nini kikundi cha kuweka na kukopa kinahangaika na mchicha wa watoto. Elimu yangu mimi ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Mengine tumeyaona kwa macho, mengine tulisimuliwa na wazee, na mengine yamo katika historia ya nchi yetu.

Kihamba kilikuwa shule

Huku kwetu mlimani Kilimanjaro bustani ya nyumbani si kitu kigeni. Tangu enzi za mababu nyumba ya Mchaga imekaa katikati ya kihamba. Juu kuna miti mikubwa kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe yuko zizini, analetewa majani, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Maji yanakuja kwa mfongo kutoka juu. Mpaka unaonyeshwa kwa masale. Mpangilio huo tulidhani ni mambo ya kawaida tu, kumbe ulimwengu unautazama. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliweka kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo duniani.

Kihamba hicho hakikutunzwa na watu wazima peke yao. Mtoto wa miaka sita alitumwa kuchuma mnafu, na humo humo akajifunza kuchuma ncha bila kung'oa mzizi. Wa miaka kumi alibeba samadi na kukata majani ya ng'ombe. Binti alifundishwa na mama yake kupunguza machipukizi ya mgomba: unabakiza mama, mtoto na mjukuu, basi. Ukiacha yote, shina linajaa na mkungu unakuwa mdogo. Hakuna aliyeandika ubaoni. Mtoto alifundishwa akiwa nyuma ya mama, na jioni alikula alichokipalilia. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Lakini tuseme ukweli wote. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ya baba. Wakulima walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga nyumba na kusomesha wengi, ila ilipitia mkononi mwa baba. Ya mama ilikuwa ndizi na mboga. Na ardhi yenyewe ilirithiwa na watoto wa kiume. Binti alipalilia kihamba miaka yote, halafu akaolewa akaondoka mikono mitupu.

Jembe lilipoingia darasani

Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba, wanafunzi wafanye kazi kama wenzao wa kijijini, washiriki katika kupanga, na waone faida ya jasho lao. Mwaka 1972 TANU ikatoa Siasa ni Kilimo kule Iringa. Njaa ya miaka ya 1973 na 1974 ikaleta Kilimo cha Kufa na Kupona. Na mwaka 1977, kufuatia Azimio la Musoma, mpango wa elimu kwa wote, UPE, ukajaza watoto madarasani.

Sisi tuliosoma miaka hiyo tulikwenda shule na jembe begani na daftari kwapani. Wazo la Mwalimu lilikuwa zuri. Lakini katika shule nyingi utekelezaji ulienda upande. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Aliyekosa hesabu alipewa jembe. Mavuno yalipokuja, mtoto hakuambiwa yamekwenda wapi. Basi jembe likawa adhabu, na adhabu hakuna anayeipenda. Wengi wa rika langu waliapa kwamba wakimaliza shule hawatashika jembe tena, wakakimbilia Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Hapo ndipo ninapoona tofauti: nyumbani mtoto alilima akala, shuleni alilima akachapwa. Jembe ni lile lile.

Kahawa iliposhuka bei

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilipata shida. Sukari, sabuni na nguo vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Kihamba kilituokoa, maana ndizi na magimbi hayakuhitaji foleni. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka. Vihamba navyo vilikuwa vimegawanywa mara nyingi kwa watoto wa kiume hadi vikawa vidogo kama uwanja wa kuchezea. Wengine waling'oa kahawa. Hapo ndizi na mboga za mama, zilizokuwa zikiitwa vitu vya jikoni, ndizo zikalipa ada. Wamama walizibeba hadi Mwika, Marangu na Kiboriloni. Kwa kweli hisa nyingi za kikundi chetu zimetoka kwenye mnafu na mkungu wa ndizi.

Tuta la mtoto

Kikundi kilipoanza, tulikopeshana kwa biashara. Baadaye tukaona watoto wetu hawajui kutofautisha mche wa mnafu na gugu. Tukakubaliana kila mwanachama ampe kila mtoto tuta lake, hatua mbili kwa moja, na mbegu zitoke mfuko wa jamii. Tulianza na mchicha, maana mtoto hana subira, na mchicha baada ya wiki tatu au nne unang'olewa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mavuno. Wako waliosema mtoto anakula kwa mzazi, kwa hiyo mchicha ni wa mzazi. Tulibishana vikao viwili, jamani, hadi katibu akafunga daftari. Mwisho tukaandika kwenye katiba yetu: mavuno ya tuta la mtoto ni ya mtoto, na asiadhibiwe kwa jembe. Tangu hapo hatuwasukumi tena. Wengine wamenunua madaftari, mmoja alinunua kuku, na kuku akamzalishia.

Nitoe na hili la uchungu. Mwanachama wetu mmoja alifiwa na mumewe, ndugu wakataka kihamba, wakasema yeye ni wa kuja. Shauri lilipofika baraza la ardhi, binti yake wa darasa la sita alitembea na wazee akiwaonyesha masale ya mpaka, migomba waliyopanda na baba yake, na ipi ni mama, ipi mtoto, ipi mjukuu. Wale wadai hawakuweza kuonyesha hata shina moja. Mama yule bado yuko kihambani kwake.

Ombi langu

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria ipo, ila haitembei yenyewe. Inatembea pale mtoto wa kike anapoijua ardhi yao shina kwa shina, na pale baba anapoandika jina lake mapema angali hai.

Kwa hiyo miaka kumi ijayo naomba tufanye mambo mawili. La kwanza, tuta la mtoto lisife, na kina baba waingie nalo, maana bustani ni ya nyumba nzima. La pili, kila mwanachama azungumze na mumewe na wakwe zake juu ya kihamba, na binti zetu wahesabiwe. Tusiwafundishe kulima mahali ambapo kesho wataambiwa ni wageni.

Jembe halimtupi mkulima. Na sisi tusimtupe mkulima kwa sababu ni binti.


Mwenyekiti