Mbuyu wa Matambiko na Katapila la Kongwa

Mwaka 1947 Waingereza walipoleta matrekta Kongwa, magharibi ya Gairo, mti uliowasumbua kuliko yote ulikuwa mbuyu. Shina lake halikung'oka kwa msukumo mmoja, na matundu yake yalijaa nyuki waliowafukuza madereva kwenye mitambo. Zaidi ya hayo, mibuyu ile ilikuwa na kazi zake kwa wenyeji. Mmoja ulikuwa jela ya kijiji, kwenye mwingine watu walikwenda kufanya matambiko. Katapila lilipouelekea huo wa pili, halikuwa linafyeka kichaka tu.

Wapenzi wa hadithi za kubuni wanakijua kisa cha namna hii. J.R.R. Tolkien, katika riwaya kubwa aliyoitoa kati ya 1954 na 1955, ana mchawi Saruman anayekata msitu ili kulisha tanuru zake, hadi miti yenyewe inainuka na kuibomoa ngome yake. Tangu hapo waandishi wengi wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakisimulia mgongano huo huo, mara nyingi kwa mwisho mwingine: kiwanda kinaingia, uganga unatoweka. Huku kwetu, Gairo, Kongwa na milima ya Uluguru, mambo hayakwenda hivyo, na naamini historia yetu ina kisa kizito zaidi.

Tuanze na 1905. Mwaka huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, iliyofika Morogoro 1907 na kupita Kilosa kuelekea bara, ikiiacha Gairo kando. Mwaka huo huo wa 1905, katika pango la Kolelo huko Uluguru, mahali Waluguru na Wazaramo walipokwenda kuomba mvua, likatoka neno kwamba kodi isilipwe tena. Kusini zaidi, Ngarambe, Kinjekitile Ngwale alikuwa akigawa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Wamatumbi wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjekitile alinyongwa Mohoro Agosti 4, na mwisho wa mwezi huo wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Waliokufa katika vita vile vya Maji Maji ni wengi mno, na wengi wao waliuawa na njaa iliyofuata.

Maji yale yalipimwa mbele ya bunduki, yakashindwa, na kila mtu akaona. Ebrahim Hussein alilielewa hilo vizuri alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Kinjeketile wake anatilia shaka ujumbe alioupokea, anaona kuna kasoro ndani yake, lakini watu wameshaungana kwa ajili ya ujumbe huo. Hadi mwisho anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Sijaona mwandishi mwingine aliyemweka mganga mahali pagumu namna hiyo kwa heshima kubwa vile.

Sasa turudi Kongwa. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikatuma timu iliyoongozwa na John Wakefield kutafuta mahali pa kulima karanga. Timu ilizunguka kwa wiki chache, ikaleta ripoti: ekari zaidi ya milioni 3, pauni milioni 25, miaka 6. Serikali ikakubali. Vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mnyororo wa nanga ya meli ukafungwa kati ya makatapila mawili, ukaburutwa ili kung'oa miti. Udongo wa Kongwa lakini una mfinyanzi mwingi. Karanga huchanua juu, kisha kikonyo chake huinama na kuingia ardhini, na ganda hukomaa humo. Udongo ukikauka na kukamaa kama sakafu ya saruji, zao linabaki chini na jembe linavunjika. Mvua nazo huko Ugogo, iliko Kongwa, ni za kubahatisha. Mzee yeyote aliyenusurika njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, angewaeleza hayo bila kulipwa.

Januari 1951 mpango ulivunjwa, pauni zaidi ya milioni 36 zikiwa zimekwisha. Mbegu za karanga zilizonunuliwa zilizidi mavuno.

Kwa hiyo nani hapo alikuwa na imani isiyopimwa? Kinjekitile alikuwa na maji na watu waliochoshwa na pamba ya kulazimishwa. Wakubwa wa London walikuwa na ripoti, ramani na uhakika kamili, na udongo hawakuupa nafasi ya kusema. Aliyetambika chini ya mbuyu alijua walau kwamba mvua si ya kuamriwa.

Mwaka ule ule wa 1951 ndipo Shaaban Robert alipotoa Kusadikika, riwaya ya nchi inayoelea angani, ambako wajumbe wanaorudi na maarifa ya kuifaa nchi wanatupwa gerezani. Hakuna matrekta humo wala mizimu. Lakini msomaji wa Kongwa au Gairo angemtambua Waziri Majivuno wa riwaya hiyo mara moja, kwa kuwa alishaona wakubwa wasiotaka kusikia.

Kisa cha mbuyu ule bado sijakiona katika riwaya ya Kiswahili, na hilo linanisikitisha. Mhusika wake mkuu yupo tayari. Ni kijana wa Kigogo au wa Kikaguru aliyefundishwa kuendesha trekta harakaharaka, anayepokea mshahara wa mwezi, aliyejifunza pia maana ya kugoma mwaka ambao mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa kufuata reli. Asubuhi moja bwana shamba anamwonyesha mti wa kuangusha. Anaujua mti huo. Babu yake alikwenda pale na pombe ya mtama kila mvua zilipochelewa. Mkono uko kwenye usukani, mshahara ni wa mwisho wa mwezi, nyuki wameanza kutoka. Vijana waliokaa kwenye viti vile leo karibu wote wametangulia, lakini watoto wao wapo, wenye mvi, na wengi bado wanakumbuka baba alisimulia nini. Atakayeandika aanze kwao mapema.