Wingu, tangi la maji na nakala ya pili

Nimepotea majuma kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimekwama kwenye mjadala mmoja ambao nadhani utawafaa na nyinyi, kwa hiyo kaa kitako, makala ya leo ni ndefu kidogo.

Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho huwa nakisaidia mambo ya kompyuta. Seva yao, moja tu, hukaa katika chumba kidogo kando ya jikoni pamoja na mafagio na makasha ya majani chai. Msimu wa mvua uliopita paa lilivuja. Maji yalianguka kando ya ile seva, labda kwa upana wa kiganja tu. Ndani yake kuna akaunti za watu ambao wamekuwa wakiweka mia mbili mia mbili tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Juma lililofuata kamati ikaniita. Mweka hazina, mama asiyependa maneno mengi, akaniuliza: "Kijana, tukiweka vitabu vyetu kwenye hilo wingu lenu, vitapotea au havitapotea?"

Jibu la chuoni nilikuwa nalo mdomoni: mama, wingu ni salama kuliko chumba cha mafagio. Lakini nilimtazama nikaona haulizi kuhusu chumba cha mafagio. Nikaomba majuma mawili, nikaenda kusoma historia.

Kwanza, wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1961 chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa kikiadhimisha miaka 100. John McCarthy, mmoja wa waanzilishi wa taaluma ya akili bandia, alisema katika maadhimisho hayo kwamba huenda siku moja kompyuta ikawa huduma ya umma kama ilivyo simu. Yaani usinunue mtambo. Unganisha waya, tumia, lipia ulichotumia. Kwa sisi wa huku mfano mzuri ni maji: badala ya kila boma kuchimba kisima chake, mnavutiwa mfereji.

Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba, na ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akisimama kufikiri, mtambo wote wa bei mbaya unamngoja. Novemba mwaka huohuo Fernando Corbató na wenzake hapo MIT wakaonyesha mfumo walioupa jina CTSS, ambao uliigawa mashine moja kwa watu kadhaa kwa zamu fupi mno, kila mmoja akajiona ndiye mwenyewe. Ukiondoa mapambo, wingu la leo ni hilohilo: mashine ya mtu mwingine, na wewe una zamu yako.

Na balaa la kugawana lilianza mapema. Kisa hiki Corbató mwenyewe alikisimulia baadaye katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing. Programu ya kuhariri faili kwenye CTSS ilitumia jina moja tu kwa faili ya muda, kwa sababu haikutarajiwa kwamba wasimamizi wawili wangehariri kwa wakati mmoja. Siku moja mwaka 1966 msimamizi mmoja alikuwa akihariri ujumbe wa siku, ule wa kumkaribisha kila anayeingia, na mwenzake akihariri orodha ya maneno ya siri. Faili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo akachapiwa, badala ya salamu, maneno ya siri ya watumiaji wote! Hakukuwa na mwizi wala jasusi. Watu wawili waaminifu walikuwa wakifanya kazi zao.

Nawaruka miaka 40 kwa sababu ya nafasi. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon, ambayo wengi waliijua kwa kuuza vitabu, ilianza kukodisha hifadhi ya data mwezi Machi kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. Agosti ikaanza kukodisha mashine zenyewe kwa senti 10 kwa saa. Bei hizo ndizo zilizobadilisha mambo, na mfano ninaoupenda ni wa gazeti la New York Times mwaka 2007. Walikuwa na makala milioni 11 za zamani, picha za kurasa zenye jumla ya terabaiti 4, na walitaka kila makala iwe faili ya PDF. Mhandisi wao mmoja akakodi mashine 100. Kazi ikaisha ndani ya saa 24. Piga hesabu mwenyewe: mashine 100, saa 24, senti 10. Dola 240! Kununua mashine 100 kwa kazi ya siku moja hakuna mkurugenzi angetia sahihi.

Hapo ndipo faida ya wingu ilipo kwa shirika lolote, dogo au kubwa. Huzamishi mtaji kwenye chuma kitakachozeeka. Hulipii jenereta, kiyoyozi na mlinzi wa usiku. Ukikua unaongeza, ukipungukiwa unapunguza. Sikatai hata moja kati ya hayo, mimi mwenyewe nakula kwa sababu yake.

Sisi wa Kenya tulichelewa kidogo kwa sababu ya bomba. Hadi 2009, mwaka ambao nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, tulitegemea setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali na nzito. Hata hivyo tulikuwa tumeshazoea mashine za mbali bila kujua. M-Pesa ilianza 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ulaya. Ni mwaka 2015 tu zilipohamishwa kutoka Ujerumani kuja nyumbani. Ulikuwa unamtumia jirani mia tano ya unga na ujumbe unapitia kwa Wajerumani. He he.

Bomba lenyewe pia hukatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kuchechemea. Tena mara nyingi kodi ya wingu hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123, na Januari 2024 ikapita 160. Bili ya dola 200 iliruka kutoka 24,600 hadi 32,000 na zaidi bila mtu kuongeza hata faili moja. Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huo, lakini mweka hazina huwa anakumbuka mwezi mbaya.

Haya yote ni maudhi. Kufa ni kitu kingine, na swali la mama lilihusu kufa.

Code Spaces ilikuwa kampuni iliyowahifadhia watu misimbo ya programu zao, na yenyewe ilikodi kila kitu kwa Amazon. Juni 2014 mtu aliingia kwenye paneli yao ya usimamizi, akaacha ujumbe wa kudai pesa. Walipojaribu kumfungia nje kwa kubadilisha maneno ya siri, alikuwa amejitengenezea akaunti nyingine za akiba, naye akaanza kufuta. Katika muda wa saa 12 data nyingi zilikuwa zimekwenda, pamoja na nakala za akiba, kwa sababu zilifikiwa kupitia paneli ileile. Kampuni ikafunga biashara. Amazon haikukosea chochote hapo. Mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo mmoja ulifungua ghala na ghala la akiba.

Usiku wa Machi 10, 2021 jengo la ghorofa tano la OVHcloud, kampuni kubwa ya wingu ya Ufaransa, liliteketea mjini Strasbourg. Hakuna aliyeumia. Mwanzilishi wake, Octave Klaba, aliwaandikia wateja waanzishe mipango yao ya kujiokoa na majanga. Wengi walitazamana: mipango gani? Walidhani wingu ndilo mpango. Kampuni moja ndogo ilikuwa imelipia huduma ya nakala ya akiba, kumbe nakala hiyo ilikaa kwenye jengo lilelile lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVH ilipe fidia. Lakini hakuna hakimu anayeweza kuamuru majivu yarudi kuwa data.

Kisa kilichomkaa mama huyu kilikuwa cha Australia. UniSuper ni mfuko wa pensheni wenye wanachama zaidi ya 600,000, na mifumo yake mingi ilikuwa Google Cloud, katika maeneo mawili tofauti ili moja likianguka jingine lisimame. Mei 2024 vyote viwili vilitoweka. Google ilieleza baadaye kwamba wakati wa kuandaa huduma ya mteja huyo, kigezo kimoja kwenye chombo chao cha ndani kiliachwa wazi. Mfumo ukachukulia kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja, mwaka ukaisha, ukafuta mifumo hiyo. Kama 1966: waaminifu kazini, na programu iliyodhani jambo ambalo hakuna aliyelisema. Wanachama hawakuweza kuona akaunti zao kwa takriban juma moja. Kilichowaokoa ni nakala za akiba zilizokuwa nje ya sehemu iliyofutwa, zikiwemo zile walizoweka kwa kampuni nyingine kabisa.

Na ukidhani dawa ni kubaki na jengo lako, waulize Wakorea. Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kiliungua, na hifadhi ya faili za wafanyakazi wa serikali, terabaiti 858, ikapotea. Haikuwa na nakala nje ya jengo. Lilikuwa jengo lao wenyewe.

Niliporudi kwa kamati sikuwaonyesha grafu. Niliwauliza: nani hapa ana maji ya mfereji nyumbani? Karibu wote. Nani ana tangi? Walewale. Mweka hazina akatabasamu, mara ya kwanza kumwona.

Basi wamehamia kwenye wingu, na kila usiku nakala ya pili huenda kwa kampuni nyingine, kwa akaunti nyingine na neno la siri ambalo mimi fundi sina. Pia niliwakumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwapi nafasi ya kusema "tulimwachia mwenye wingu". Wanachama watawadai wao.

Mwezi uliopita tulijaribu kurudisha data kutoka nakala ya pili kwa mara ya kwanza. Ilikataa kufunguka. Tuliisimba vizuri kabisa, kisha ufunguo wa kuisimbua nikauacha ndani ya ile seva ya chumba cha mafagio, mahali pamoja tu duniani. Kosa langu. Sasa ufunguo umeandikwa kwenye karatasi mbili, moja iko kwenye kasha la chuma la mweka hazina, na ya pili hakuniambia aliipeleka wapi. Jaribio la pili ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Amesema atabonyeza mwenyewe.