Ndege za Pembeni: Jamaa Wasiojulikana Wanaotunza Historia ya Anga Letu

Wadau, mnajua ile kwenye muvi staa anaongea huku nyuma yake watu wanapita, mmoja anauza karanga, mwingine anasubiri bodaboda? Hakuna anayewakumbuka, ila ukiwatoa, mtaa wote unaonekana wa uongo. Kwenye magemu ya kurusha ndege mambo ni hayo hayo. Wewe ndiyo rubani, na pembeni yako kuna ndege nyingine zinazojiendesha zenyewe: zinapaki, zinapaa, zinatua. Leo tuwaongelee wanaozipaka rangi hizo ndege za pembeni. Majina yao hatuyajui, lakini wameshika historia yetu kuliko tunavyodhani.

Ilianzaje? Microsoft walipotoa Flight Simulator 2002, ndege za pembeni zilikuwa na mashirika ya kubuni: Orbit, Landmark, Pacifica. Uwe New York au uwe Dar, unakutana na Orbit. Orbit ya nani sasa? Ndipo watu wa kawaida wakaanza kuzipaka rangi za mashirika ya kweli na kuzigawa bure mtandaoni. Vikundi kama Project AI na World of AI vikakusanya kazi hizo, shirika kwa shirika, pamoja na ratiba za safari. Hata Agosti 2020, lilipotoka gemu jipya lenye dunia nzima ndani yake, ndege za pembeni zilikuja bila rangi za mashirika halisi. Raia wakaingia tena kazini.

Kazi yenyewe si mchezo. Umbo la ndege ya pembeni linatengenezwa jepesi makusudi, maana uwanja mmoja unaweza kujaa ndege kibao na kompyuta haitakiwi kuganda. Kwa hiyo milango na madirisha mengi hayajengwi, yanachorwa tu. Ubavu, mkia na mabawa vinalazwa bapa kama vipande vya kitenge mezani kwa fundi cherehani kabla havijashonwa. Ukikosea kidogo, mstari wa ubavuni haukutani na wa mkiani. Halafu unachora picha ya usiku ili madirisha yawake. Mwisho unaandika kodi ya shirika, ATC kwa Air Tanzania na PRF kwa Precision Air, ili ndege ijue ipaki wapi.

Ila kiukweli ishu ngumu zaidi ni tarehe. Huwezi kupaka "ndege ya Tanzania" hivi hivi. Ya mwaka gani?

Chukua East African Airways, shirika lililoanza 1946 na baadaye likawa la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Lilikuwa na ndege tano za Super VC10, zimeandikishwa kwa kugawana: 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda, 5Y-ADA Kenya. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilipata ajali Addis Ababa na watu 43 wakafariki. Kwa hiyo anayetengeneza anga la Machi 1972 anaweka VC10 tano. Anayetengeneza la Mei anaweka nne. Ndege moja kuwepo au kutokuwepo inabeba misiba ya watu 43.

Shirika lilivunjika mwanzoni mwa 1977, na Machi mwaka huo huo Air Tanzania ikazaliwa, twiga akawa nembo yake. Zile VC10 nne je? Zilirudi Uingereza, jeshi lao la anga likazinunua, zikapakwa rangi za kijeshi na kugeuzwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Ile 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, ikaitwa ZA150 na iliruka mpaka Septemba 2013. Ndege yetu, miaka yote hiyo, na kwa macho huwezi kuijua. Rangi ilifunika kila kitu. Anayeipaka upya ndani ya kompyuta anaturudishia sura iliyofutwa.

Twende karibu zaidi. Mwaka 2002 South African Airways walinunua asilimia 49 ya Air Tanzania, na 2006 serikali ikazirudisha hisa hizo. Ndege za kipindi hicho na hizi za leo hazifanani. Novemba 2012 akaja Fastjet na yule kasuku wa kijivu mkiani, safari zake za kwanza zikiwemo za Mwanza. Leo kasuku hayupo. Septemba 2016 zikaja Q400 mbili, 2018 Dreamliner, na Desemba hiyo hiyo Airbus A220, Air Tanzania ikiwa ya kwanza Afrika kuipokea. Ukimweka kasuku wa Fastjet ubavuni mwa Q400 mwaka 2017, sawa. Ukimweka 2023, umedanganya.

Na kuna ile inayotuuma sisi wa Kanda ya Ziwa. Precision Air, ATR 5H-PWF, Bukoba, 6 Novemba 2022. Watu 19 hawakurudi nyumbani. Anayepaka anga la leo analazimika kuitoa ndege hiyo kwenye orodha. Anayepaka anga la Oktoba 2022 anaiacha, iko safi, inasubiri abiria. Hapo ndipo utajua hii siyo gemu tu.

Sasa sisi wa Nyahanga tunaingiaje? Mpaka rangi hawezi kuchora asichokiona. Anahitaji picha za ubavu wote wawili, mkia, namba na mwaka. Ndege ndogo zinazopita juu ya Kahama, zile za Buzwagi, za Mwanza, zipo kwenye simu za watu. Albamu za wazee zina picha za miaka ya themanini, mtu kasimama chini ya mkia wa twiga. Picha hizo zikifutwa ili simu ipate nafasi, ndiyo basi tena. (Ukitaka kupiga mpya uwanjani, ulizia utaratibu kwanza, usije ukalala ndani.)

Mzungu wa mbali akishindwa kupata picha, anga letu kwenye gemu litabaki na ndege nyeupe tupu zisizo na jina. Halafu mtoto wa Kahama atalicheza, na ataamini hapa hapajawahi kupita kitu.

Una picha ya zamani nyumbani? Andika nyuma yake mwaka na uwanja. Halafu tuambie hapo chini: ndege gani uliiona wewe ambayo leo haipo?